Hakimu wa Bluzi

Iguguno
Jumapili, 12 Mei 2024

Baba,

Zefania sasa hivi amevua suruali yake, ameitupa kwenye beseni la mahindi, ameenda kusimama mbele ya sabufa anatikisa makalio. Sijamaliza hata kukuamkia. Shikamoo baba. Nimekimbilia kalamu kabla sijasahau, maana ulisema nikuandikie kila anachofanya na kadi yako ya muziki.

Kadi imefika Ijumaa, kondakta wa basi ameileta mpaka dukani ikiwa imefungwa kwenye karatasi kama dawa. Nimeichomeka kwenye sabufa ya Simeoni, ile yenye taa za rangi mbele. Kwanza tukasikia unakohoa, halafu ukasema "moja," halafu kinanda kikaanza. Baba, nililia kidogo. Ni kama ulikuwa umekaa pale kwenye kigoda. Na mjukuu wako akaenda moja kwa moja kwenye sabufa, akaweka viganja viwili juu yake, akacheka mpaka akakaa chini. Hajawahi kuucheka muziki wa mtu mwingine.

Hapa hatujambo. Alizeti tumeanza kukata. Simeoni bado yuko Geita kwenye machimbo, na simu yetu moja ameondoka nayo, kwa hiyo hizi barua zako zimenifaa. Mama mkwe anakusalimu sana. Anasema Zefania ana miaka miwili na miezi mitatu na hajasema hata "mama," na wenzake wanatukana. Mimi namwambia watoto wa kiume huchelewa. Naamini atasema. Anayecheza hivi atakosaje kusema?

Leta nyingine baba. Usikohoe sana.

Mwanao,
Dorkas


Manyoni
19 Mei 2024

Mwanangu Dorkas,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

Watu wananiuliza kwa nini sipatikani kwenye simu. Nimeitoa laini. Mwezi wa tatu nilikuwa narekodi wimbo, nimefika kipimo cha kumi na moja bila kukosea, kimebaki kimoja tu nifunge mzunguko, simu ikalia, mtu anauliza kama nauza kiwanja. Tangu siku hiyo simu ni ya kurekodia. Anayemtaka Mazengo aandike.

Wenzangu tuliostaafu nao reli wanafuga kuku. Mimi nimechagua hii bluzi, muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi, na mpaka leo sina maelezo ya kutosha. Nilimsikia mzee mmoja kwenye video, vidole vimepinda kuliko vyangu, nikasema kumbe inawezekana. Kinanda niliuziwa na kanisa la jirani walipopata kipya. Vibonye viwili vya juu vimekufa, sivihitaji. Mkono wa kushoto unakwenda njia yake kama mabehewa ya mizigo yakipanda kutoka Saranda, hausimami wala hauna haraka. Wa kulia ndio unaolalamika. Na kwa kuwa kinanda hakivutiki kama waya wa gitaa, ukitaka kilie unabonyeza cheusi na kuteleza hapo hapo kwenye cheupe jirani yake. Kuteleza huko kumenichukua miezi minne. Antipasi, fundi redio, anasema ni muziki wa mtu aliyefiwa na mbuzi.

Tangu mama yako atutoke nilikuwa napiga nisijue nampigia nani. Sasa najua. Nimetuma kadi ya pili, ina nyimbo mbili, mmoja wa polepole, mmoja wa mbio. Mwekee Zefania, uniambie anacheza upi. Yeye ndiye hakimu wangu. Wakubwa wananisifu kwa adabu, yeye hana adabu bado.

Na wasiwasi wa mama mkwe wako nimeumaliza. Nimemwandikia kwamba mtoto anayecheza nyimbo za kinanda cha babu yake kutoka Manyoni hana tatizo la masikio. Atulie.

Baba yako,
Edward Mazengo


Iguguno
2 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Kadi imefika. Zefania amecheza. Ile ya polepole ndiyo aliyoipenda zaidi.

Nina jambo, na sijui niliandikeje. Barua uliyomwandikia mama ameisoma kwa wenzake wa umoja wa akina mama baada ya ibada. Alifurahi sana. Halafu akasema, basi kama masikio ni mazima, tatizo ni ulimi. Anasema mtoto ana udata, ile nyama ya chini ya ulimi imemfunga, na kimeo nacho ni kirefu. Kuna mzee anatokea upande wa Misigiri, anakata vyote viwili kwa mara moja. Hapa wanamwita mtaalamu. Amekata watoto wengi, na mama anawataja kwa majina.

Muuguzi wa kliniki alishatukataza hayo mambo. Alisema mtoto anaweza kutoka damu isikamatike. Nilipomwambia mama hivyo alinitazama tu, akasema huyo muuguzi amezaa wangapi. Simeoni amepigiwa kwa simu ya mama, amesema mama ndiye anayejua.

Nakuomba umwandikie asubiri. Mwambie asubiri mavuno yaishe. Usiseme kama mimi ndiye niliyekuomba.

Baba, ukimaliza kurekodi, huwa unasikiliza tena kabla ya kutuma? Nauliza tu.

Mwanao,
Dorkas


Iguguno
9 Juni 2024

Mkwe wangu Mzee Mazengo,

Salamu nyingi katika Bwana. Mimi mzima, mwanao mzima, mjukuu wetu anakula kama fundi wa ujenzi.

Nakushukuru kwa barua yako. Ilinitoa mzigo. Ukweli nilikuwa naogopa masikio, mkwe. Nilikuwa namwita huyu mtoto, hageuki, nasema moyoni, Mungu wangu. Ulipoandika kwamba anacheza nyimbo zako na anazichagua, nikasema asante, kumbe ni ukaidi wa kiume na ulimi mzito.

Ulimi tunauweza. Mtaalamu amesema atafika Jumamosi ya tarehe 22. Simeoni huyu huyu alikatwa akiwa na miaka mitatu, na leo anaongea mpaka tunamwomba anywe maji. Dorkas ana woga wa mtoto wa kwanza, nauelewa, na mimi niliupata. Najua wewe ni mtu wa kazi ya serikali, umesoma, labda mambo haya huyapendi. Lakini sitaki nimguse mjukuu wako bila neno lako. Ukisema ndiyo, Dorkas atatulia.

Nimekutumia galoni la mafuta ya alizeti. Ni ya kwetu, hayajachanganywa.

Wako,
Raheli, mama Simeoni


Manyoni
Jumatatu, 17 Juni 2024

Dorkas,

Soma hii ukiwa peke yako.

Swali lako la mwisho sikulijali, nilidhani unanitania kuhusu kukohoa. Jana Antipasi amekuja na spika yake, akaniomba nimsikilizishe ule wimbo wa polepole. Nikamwambia kadi iko Iguguno. Nikafungua simu niweke kadi mpya, nikakuta ya zamani iko ndani. Tukaiweka kwenye spika. Nyimbo zote mbili zimo.

Nilinunua kwake kadi mbili siku moja. Hii ndiyo niliyorekodia. Niliyokutumia ilikuwa mpya. Haina kitu, mwanangu. Haina hata kikohozi.

Na wewe umeniandikia kwamba mtoto amecheza, na kwamba ameupenda wa polepole.

Sikukasirika. Nilikaa nayo barua yako usiku kucha, nikajaribu kukutafutia sababu. Labda hukuiweka, ulikuwa shambani, ukaniandikia la kunifurahisha. Ningefurahi ikiwa hivyo. Lakini kwa nini uliniuliza kama nasikiliza kabla ya kutuma?

Sasa sikia lililo baya zaidi. Mama mkwe wako aliniandikia, na Alhamisi nilimjibu. Nilimwambia ndiyo. Ombi lako la kusubiri sikulitii, nikaona ni woga kama alivyosema yeye. Hata mimi nilikatwa kimeo nikiwa mdogo na niko hai, nikawaza mtoto asikie tu asiweze kuimba, kwa nini? Niliandika ndiyo kwa sababu ya barua zako mbili.

Nimerudisha laini. Nimempigia mama mkwe wako mara mbili, ameniambia uko shambani. Kumwambia yeye kabla yako nimeshindwa. Nijibu kwa kondakta huyu huyu, anarudi Jumatano. Nisipopata kitu hadi Ijumaa napanda basi.

Kwa nini Zefania alicheza?

Baba


Iguguno
Jumatano, 19 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika huku kondakta ananiangalia, amenipa muda wa watu kula tu.

Alicheza kwa sababu ya taa.

Siku ile niliichomeka kadi, taa za sabufa zikawaka kama kawaida, nyekundu, kijani, bluu. Nikangoja ukohoe. Kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, kimya, nikadhani sabufa imekufa. Na Zefania akaja mbio. Akatikisa makalio vile vile baba, akacheka vile vile, na nyumba nzima kimya nasikia inzi. Aliweka viganja juu ya spika, akaona haitetemi, akanitazama kama ananiuliza imekuwaje. Halafu akarudi kwenye taa.

Mimi nilisimama pale nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Nikaelewa kwa nini haamki jogoo akiwika dirishani. Kwa nini nikimwita akiwa amenipa mgongo nalazimika kumfuata. Nilichukua mfuniko wa sufuria, nikaupiga na mwiko nyuma ya kichwa chake. Kuku walikimbia. Yeye aliendelea kuchezea kamba.

Niliupiga tena baba. Niliupiga mpaka mkono ukaniuma.

Nilikuficha kwa sababu uliandika sasa unajua unampigia nani. Ningeandikaje kwamba hujampigia mtu? Na mama nilimficha kwa sababu ya jirani yetu mmoja aliyezaa mtoto asiyesikia. Mama alisema mbele yangu kwamba yule mwanamke ameleta ububu wa kwao. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Nikawaza na mimi nitaitwa hivyo, na Simeoni yuko mbali, ataambiwa na nani ukweli wangu.

Nilidhani nikikuomba umwandikie asubiri, nitapata muda wa kumpeleka mtoto hospitali kimya kimya. Sikujua uongo wangu mdogo utarudi na wembe. Kwani mama hana kosa. Ameambiwa masikio ni mazima, ameambiwa na sisi.

Usije. Nakuomba. Ukija itakuwa wakwe wamegombana, na mimi nitabaki katikati na mtoto mgongoni. Nitamwambia kwa mdomo wangu. Wewe mwandikie tu kwamba ulikosea, usiseme nilikudanganya, au sema, vyovyote. Ila ifike kabla ya Jumamosi.

Kondakta anapiga honi sasa.

Dorkas


Manyoni
Ijumaa, 21 Juni 2024

Mkwe wangu mama Simeoni,

Shikamoo nakupa, ingawa hatujapimana umri, maana leo naomba.

Nilifanya kazi stesheni miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu ilikuwa moja: treni isiruhusiwe kupita mpaka njia ijulikane kuwa ni wazi. Si kuambiwa, kujua. Sikuwahi kukosea siku hata moja. Nimekuja kukosea nikiwa mstaafu, kwenye barua niliyokuandikia wewe.

Nilikuambia mtoto anasikia. Sikuwahi kumwona akisikia. Niko Manyoni, yeye yuko kwako. Nilitaka sana awe anasikia kinanda changu, nikakuandikia kama shahidi. Kadi ya pili niliyotuma haikuwa na sauti yoyote, ni kosa langu, na mtoto aliicheza vile vile.

Neno langu la ndiyo nalirudisha. Usikate. Kwanza simama nyuma yake wewe mwenyewe, asikuone, umwite.

Dorkas ana la kukuambia. Akikuambia, mwamini yeye kuliko mimi. Kama ni hasira, elekeza huku, nina mgongo mpana.

Tangu jana nakupigia, simu yako haipatikani, ndiyo maana barua hii anayo kondakta wa basi la kwanza kesho. Nimemwambia isipofika asirudi na njia hii.

Edward Mazengo


Singida mjini
Jumatatu, 24 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Naandika kwenye benchi la hospitali, kalamu nimeazima kwa mlinzi. Nilijua utakuwa hulali, ndiyo maana mama alikutumia ule ujumbe wa "mtoto salama," lakini huo haukutoshi, najua.

Alhamisi nilimwambia. Tulikuwa tunapiga alizeti, nikasema mama, Zefania hasikii. Hakuacha kupiga. Akasema baba yako ameandika anasikia na anachagua nyimbo, wewe unasema hasikii, nimshike nani. Nikamwambia habari ya kadi na taa. Akasema natafuta njia ya kumkimbia mtaalamu. Ijumaa hakunisemesha. Alipika, akanipakulia, akarudi kwenye alizeti.

Jumamosi mtaalamu akaja kwa baiskeli saa nne. Ni mzee mpole, baba, nilitamani awe mbaya. Alinawa mikono mara mbili. Alifungua kitambaa chake, nikaona kile chuma chembamba kilichopinda mbele na wembe mpya kwenye karatasi yake. Akaomba mtu wa kumshika mtoto kichwa. Mama akaniambia nishike mimi. Nikasema sishiki. Majirani wakasogea karibu. Mama akasema basi atashika yeye, akamchukua Zefania mikononi mwangu na mimi sikumwachia, tukawa tunavutana naye, aibu gani hiyo, na mtoto anacheka anadhani ni mchezo.

Ndipo yule binti wa dukani, kondakta anakoachia barua zako, akaingia na bahasha yako, amekimbia mpaka kiatu kimoja hana.

Mama aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma polepole, midomo inatembea. Akaikunja, akaiweka kifuani. Akamwambia mtaalamu angoje. Alimkalisha Zefania kwenye mkeka, akampa hindi la kuchoma, akaenda nyuma yake. Akamwita kwa sauti ya kawaida. Akamwita kwa sauti ya shambani. Halafu akachukua mchi, akaupiga kwenye bati la jiko, baba, bati lile likalia mpaka ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Zefania alikuwa anatoa punje moja moja, anaziangalia.

Mtaalamu akasema kwa upole, "Mama, hata hivyo udata ninauona."

Mama akasema, "Ulimi wake hauna kosa. Kaa ule chakula, halafu uende."

Akakaa akala. Hakuna aliyemfukuza. Majirani waliondoka mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa nangoja lile neno la ububu wa kwao. Mama alikuja akakaa karibu yangu kwenye mkeka, magoti yanampa shida siku hizi. Akauliza, "Wiki tatu umekaa na hili peke yako?"

Nikasema nimekaa nalo.

Akasema, "Mjinga wewe." Akaniambia kama anavyowaambia binti zake, vile vile kabisa. Halafu akainuka akaanza kupiga pasi nguo za Zefania za kanisani, na ilikuwa Jumamosi mchana. Simeoni alipigiwa simu na mama mwenyewe. Sikusikia yote, nilisikia anamwambia anyamaze kwanza asikilize, na kwamba akija amwombe msamaha kwa niaba yake yule jirani mwenye mtoto asiyesikia, maana mama amemsema vibaya miaka miwili.

Leo tumetoka Iguguno alfajiri sisi watatu. Kuna daktari wa masikio ameletwa kwa wiki hii tu, na foleni imezunguka jengo. Mama amemuuliza kila anayepita kama huku ndiko. Tulipofika ndani daktari akatuuliza tangu lini. Mimi nikaanza kusema, mama akanikata, akasema, "Tulichelewa kwa sababu yangu." Si kweli yote, na yeye anajua.

Daktari amesema kuna mabaki ya usikivu sikio la kushoto, sauti nene. Nyembamba hazipo kabisa. Sikulia. Nilimuuliza ataongea? Akasema hawezi kuahidi, kuna watoto wanaoongea, na wengine wanaongea kwa mikono na wanakuwa mafundi na walimu, na kwamba kuna shule. Mama akauliza hiyo shule iko wapi, kama anauliza nauli.

Sasa wanamjaribisha kifaa cha kuvaa nyuma ya sikio. Mimi wamenitoa nje. Daktari anasema Zefania anasoma uso wangu, mimi nikishtuka na yeye anageuka, wanashindwa kujua ni sikio au ni macho. Kwa hiyo amepakatwa na mama. Mlango umefungwa. Ninasikia wanagonga vitu ndani, kimya, wanagonga, kimya.

Baba, nyimbo zako usiache. Hakimu wako tulimsingizia hukumu, ila mimi nilizisikia zote za kadi ya kwanza, na ile nyimbo yake ya pili, pale mwisho mwisho unapoteleza, nilikuwa nairudia nikipepeta. Hukuwahi kuniuliza mimi naipenda ipi. Nipigie mimi kwanza. Yeye tutajua leo kama

Mlango umefunguka. Mama ananiita. Anasema amegeuka, amegeuka mara mbili, niache karatasi nije, daktari anataka mama yake amwite kutoka nyuma, nami baba hata sijui nimwite jina gani, maana siku hizi nyumbani namwita kwa kumgusa bega